Ufunguo wa friji: kisa cha mtoto mwenye hemofilia aliyeandikiwa upasuaji wa kidole tumbo

Mtoto wa kiume, miaka 9, kilo 28, ana hemofilia A kali, ugonjwa wa kurithi unaofanya damu isigande vizuri: fakta 8, protini ya kugandisha damu ambayo pia hutolewa kama dawa, iko chini ya asilimia 1 ya kawaida. Alifikishwa idara ya dharura ya hospitali moja ya rufaa ya mkoa, Tanzania, saa saba usiku, akilalamikia tumbo upande wa kulia chini. Maumivu yalikuwa yameanza siku mbili nyuma. Ilipofika saa nane na nusu, jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya upasuaji wa kidole tumbo.

Hospitali hiyo haikuwa ngeni na hemofilia. Ilikuwa na daktari wa watoto aliyerudi kutoka nje, alikopelekwa kwa ufadhili kusomea elimu na usimamizi wa magonjwa ya damu ya kurithi. Ilikuwa na kliniki, rejista na kadi za wagonjwa. Usiku ule ilikuwa hata na fakta 8 ya kutosha kwenye friji. Ingekuwa zahanati ya kijijini isiyo na chochote, nisingejisumbua kuandika, maana jibu lingejulikana. Hapa kila kilichohitajika kilikuwepo ndani ya uzio mmoja, na bado mtoto nusura apasuliwe damu ikiwa haigandi. Niliketi kwenye kikao cha tathmini kilichofuata, na ninayoyaandika yametoka humo. Mambo machache nimeyabadilisha ili familia isitambulike.

Felo na kliniki yake

Tumwite huyo daktari felo, yaani mtu aliyepelekwa mafunzoni kwa ufadhili, kama wenzake walivyozoea kumwita. Mafunzo ya aina yake yapo kwa miongo kadhaa sasa. Shirikisho la Dunia la Hemofilia, lililoanzishwa na Frank Schnabel mwaka 1963 na lenye makao yake Montreal, huwapeleka madaktari, wauguzi, watu wa maabara na wa fiziotherapia kwenye vituo vikubwa kwa wiki kadhaa, na wapo wafadhili wengine wanaofanya kazi hiyohiyo. Felo wetu alijifunza kukokotoa dozi, kusoma vipimo vya kuganda kwa damu, kukagua magoti na viwiko vilivyoharibiwa na damu, na kuwafundisha wazazi. Hilo la mwisho aliliona dogo alipokuwa huko. Aliporudi ndilo lililomchukulia muda mwingi kuliko mengine yote.

Alianzisha kliniki ya Alhamisi. Foleni yake karibu yote ni selimundu, na hilo halishangazi: katika mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, takriban mtoto mmoja kati ya watano hubeba kinasaba cha selimundu. Hemofilia ni adimu. Makadirio ya kimataifa huweka hemofilia A kwenye mtoto mmoja wa kiume kati ya 5,000 hivi, na hemofilia B, ambayo inayokosekana ni fakta 9, huwa nadra zaidi. Kwa nchi iliyohesabu watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022, tungetarajia maelfu ya wagonjwa. Waliogundulika ni sehemu ndogo tu yao. Wengi wa waliobaki hawafiki umri wa kugunduliwa, au wanaishi wakijulikana mtaani kama watoto wa kuvimba magoti.

Mgonjwa wetu naye angeweza kubaki kundi hilo. Alipotahiriwa akiwa mchanga alivuja damu kwa siku kadhaa na kuongezewa damu, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alifia jandoni, na ukoo ukamalizia maelezo kwamba alilogwa. Kinasaba cha hemofilia kimo kwenye kromosomu X: mama hukibeba, kwa kawaida bila kuugua sana, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuupata ugonjwa. Mjomba na mpwa ndiyo njia yake ya kawaida kabisa, na swali la "kuna mjomba aliyetokwa damu?" halina gharama yoyote. Felo aliliuliza mtoto alipoletwa na goti lililovimba akiwa na miaka 4. Chembe sahani, zinazoanza kuziba jeraha, zilikuwa za kawaida. Kati ya vipimo viwili vya muda wa damu kuganda, PT ilikuwa ya kawaida, APTT ndefu mno. Sampuli ikapelekwa hospitali ya taifa, na jibu likarudi kama alivyotarajia.

Mama alifundishwa mambo manne, akaambiwa ayarudie mpaka ayaseme bila kusita: dawa kwanza, vipimo baadaye, hakuna sindano ya msuli, hakuna diklofenaki wala aspirini, onyesha kadi.

Usiku wenyewe

Mtoto alicheza mpira shuleni, akaupiga kwa nguvu, jioni akaanza kuchechemea. Mama alikuwa safarini kwenye msiba. Bibi akampeleka zahanati kesho yake, akasema mtoto anaumwa nyonga, naye akachomwa sindano ya diklofenaki kwenye tako. Kwa yeyote anayeijua zahanati ya kwetu hilo si jambo la ajabu. Mtu akilia maumivu huchomwa sindano ya diklofenaki, na mgonjwa asiyechomwa huona hakutibiwa. Kwa mtoto huyu ilikuwa madhara mawili kwa mpigo: tundu kwenye msuli, na dawa inayozifanya chembe sahani zishindwe kazi yake wakati fakta nayo haipo. Mama alikuwa amefundishwa. Bibi hakuwa amefundishwa na mtu yeyote, ingawa ndiye anayelala na mtoto siku nyingi za mwaka.

Mama alirudi jioni ya siku ya pili, akamkuta amejikunja, akambeba kwa bodaboda hadi stendi na kutoka hapo kwa gari la kukodi. Kwenye dharura alimkuta daktari wa zamu, kijana aliyemaliza mafunzo ya vitendo miezi michache kabla. Daktari huyo alimkuta mtoto ana joto la 37.9, tumbo linauma likibonyezwa kulia chini, mguu wa kulia umekunjwa na ukinyooshwa analia. Seli nyeupe zilikuwa zimepanda kidogo. Akampigia daktari wa upasuaji, naye akaja, akamshika mtoto tumbo, akakubaliana naye.

Wengi kwenye kikao walitaka kuanzia hapo na kumlaumu daktari wa upasuaji. Mimi sikubaliani nao. Kuna msuli mnene unaoitwa psoas, unaoshuka kutoka kwenye uti wa mgongo, unapita nyuma ya utumbo, unaingia nyongani. Mwenye hemofilia akivujia damu ndani ya msuli huo upande wa kulia, maumivu hukaa palepale kidole tumbo kinapouma, na nyonga hujikunja kwa sababu kuinyoosha kunauvuta msuli uliojaa damu. Sasa, kidole tumbo kilicholala nyuma ya utumbo mpana nacho huusumbua msuli uleule, na wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuunyoosha mguu ili kukigundua. Yaani alama iliyompotosha ndiyo ileile aliyofundishwa kuitafuta. Kilichokosekana ni kuangalia mambo mawili ya haraka: ganzi mbele ya paja, maana damu ikijaa hapo huubana mshipa wa fahamu wa paja, na kuuzungusha mguu kwenye nyonga ukiwa umekunjwa vilevile, jambo ambalo mwenye damu kwenye psoas mara nyingi hulivumilia, tofauti na aliyevujia kwenye kiungo chenyewe. Mtoto alikuwa na ganzi. Ilijulikana asubuhi.

Fomu ya ridhaa ilipoletwa, mama hakuisaini.

"Dokta, mwanangu ana hemofilia. Apewe dawa yake kwanza."

"Mama, tutampa dawa zote. Saini hapa, tunachelewa."

"Sisaini. Kadi hii hapa, isome baba yangu. Inasema dawa kwanza."

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, na imeandikwa kwa Kiingereza. Daktari wa zamu aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kwa haki yake niseme kwamba hakubishana zaidi. Alimwambia daktari wa upasuaji asimame kwanza, akaanza kutafuta fakta.

Famasia ya usiku ilisema haina. Leja haikuonyesha fakta yoyote. Ilikuwa kweli kwa upande wao, kwa sababu fakta iliingia kama msaada, haikununuliwa wala haikutoka Bohari ya Dawa, kwa hiyo ilipokewa na kliniki na kuandikwa kwenye daftari la kliniki. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto alikumbuka kuona maboksi kwenye friji ya chumba cha Alhamisi. Chumba kilikuwa wazi, friji ina kufuli. Ufunguo mmoja alikuwa nao felo, aliyekuwa mkoa mwingine kwenye semina na simu haipatikani. Wa pili alikuwa nao sista wa kliniki, anayeishi upande wa pili wa mji.

Hesabu ya saa tisa usiku

Uniti moja ya fakta 8 kwa kila kilo ya mwili hupandisha kiwango kwenye damu kwa asilimia 2 hivi. Kwa damu iliyovujia kwenye psoas, lengo, pale dawa inapopatikana, ni kufika asilimia 80 hadi 100. Kilo 28 zidisha kwa 80, gawa kwa 2: uniti 1,120. Chupa hazikatwi vipande wala mabaki hayatunzwi, basi unachukua ya 1,000 na ya 250, unampa zote.

Bila friji ile, njia ilikuwa ni plazma iliyogandishwa, yaani majimaji ya damu ya wachangiaji, ambayo mililita moja ina karibu uniti moja. Ili kupata uniti 1,120 ungemwaga zaidi ya lita moja ya plazma ndani ya mtoto ambaye damu yake yote ni lita mbili na kidogo. Moyo wake usingeweza. Kriopresipiteti, sehemu ya plazma yenye fakta 8 nyingi, ingekuwa bora, kwani mfuko mmoja hutoa uniti 70 hadi 80, ila ingehitajika mifuko 14 hadi 16, na benki ya damu haikuwa na hata mmoja. Daktari wa zamu alianzisha plazma mililita 420, sawa na 15 kwa kilo. Kwa hesabu ya karatasi hiyo humfikisha mtoto asilimia 30, na kwa uhalisia chini ya hapo. Haikutosha, lakini ni bora kuliko kusubiri bure, na nadhani ule ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote ya usiku ule. Diklofenaki aliyokuwa ameiandika aliifuta mwenyewe, akaweka parasetamo.

Sista alifika kwa bodaboda saa kumi na moja kasoro, bado amejifunga khanga juu ya nguo za kulalia. Fakta ilichanganywa na kuingizwa polepole kwenye mshipa, uniti 1,250. Mashine ya ultrasaundi ilifunguliwa asubuhi, ikaonyesha bonge la damu ndani ya psoas ya kulia, na kidole tumbo cha kawaida. Wingi wa damu (himoglobini) ulikuwa umeshuka kutoka 11.2, aliyokuwa nayo kliniki ya mwisho, hadi 8.6.

Angekuwa na kidole tumbo kweli je? Swali hili daktari wa upasuaji aliliuliza kwenye kikao, kwa uchungu kidogo, na ndilo swali lililoufungua mjadala. Angekuwa nacho, bado asingeweza kupasuliwa kabla ya fakta. Yawe maumivu ya damu au ya kidole tumbo, hatua ya kwanza ni ileile moja. Ndiyo maana sentensi ya "dawa kwanza, vipimo baadaye" anaweza kupewa mama asiyejua kutofautisha psoas na utumbo: haimtaki atofautishe.

Ufadhili ulizaa nini

Wafadhili huuliza wangapi wamefunzwa, na hospitali hujibu: mmoja, cheti hiki hapa ukutani. Kwa kipimo hicho mradi ulifaulu siku felo aliposhuka kwenye ndege. Mimi ningeupima kwa saa nane na nusu ya usiku ule, felo akiwa hayupo. Ukiupima hivyo unakuta mambo mawili tu yaliyotoka kwenye mafunzo na yakawa macho muda huo: mama na kadi. Yaliyobaki yote, yaani ujuzi, dozi, dawa na hata daftari linaloonyesha dawa ipo, yalikuwa yamefungwa pamoja na mtu mmoja.

Sisemi felo alizembea. Fakta ni ghali, inaharibika nje ya baridi, na imetokana na msaada ambao lazima utolewe hesabu chupa kwa chupa. Aliwahi kukuta boksi limehamishwa na mtu aliyetaka nafasi ya chanjo. Akaweka kufuli. Kila aliyewahi kusimamia kitu cha thamani kwenye ofisi ya umma anamwelewa. Tatizo ni kwamba ulinzi dhidi ya wizi uliwekwa mezani, ulinzi dhidi ya usiku haukuwekwa.

Kuna jambo lingine linaloihusu hemofilia hasa. Selimundu hujifundisha yenyewe: muuguzi wa dharura anaiona kila wiki, na hata asipohudhuria semina ataijua. Hemofilia anaweza asiione mwaka mzima. Ukimfundisha Januari, Oktoba amesahau, tena si kosa lake. Felo alikuwa amefanya semina ya wafanyakazi aliporudi, na picha zipo. Kati ya walioonekana kwenye picha, waliokuwa zamu usiku ule ni sifuri. Wengine wamehamishwa, wengine wamestaafu, mmoja yuko masomoni. Ugonjwa adimu kwenye hospitali yenye uhamisho mwingi hauwezi kutegemea kumbukumbu za watumishi. Unahitaji vitu visivyohamishwa, na mzazi hahamishwi.

Thamani ya kumfundisha mzazi ina ushahidi wa zamani kutoka upande wa selimundu. Kingston, Jamaika, watoto wachanga 100,000 walipimwa kati ya 1973 na 1981, na waliokutwa na selimundu wakafuatiliwa kwa miaka. Watoto wengi walikuwa wakifa ghafla kwa bandama kujaa damu. Wazazi wakafundishwa kuipapasa bandama nyumbani na kukimbilia hospitali ikikua. Vifo vya tatizo hilo vilishuka sana, bila dawa mpya wala mashine. Ninaposikia elimu ya wazazi ikiwekwa mwisho wa ratiba ya mafunzo, baada ya chai ya jioni, huwa naikumbuka Kingston.

Kilichobadilishwa, na kilichokwama

Ufunguo ulihamia kwa msimamizi wa zamu ya dharura, unakabidhiwa kwa saini pamoja na funguo za dawa za kulevya. Mfamasia aliiingiza fakta kwenye leja ya hospitali kwa safu yake ya "msaada", jambo lililochukua dakika chache baada ya kushindikana miaka miwili. Dharura ikapata kisanduku chenye maji ya kuchanganyia, sindano nyembamba na jedwali la dozi kwa kilo, limelaminetiwa, kwa Kiswahili, na juu yake namba tatu za simu badala ya moja. Kadi imeandikwa upya. Mstari wa kwanza sasa unasema: MTOTO HUYU AKIUMWA POPOTE, MPE FAKTA 8 KABLA YA KIPIMO. Chini kabisa: USIMCHOME SINDANO YA MSULI.

Pendekezo la kumleta mama kwenye kikao cha asubuhi lilipingwa na mganga mfawidhi, kwamba si utaratibu. Matroni akamwambia kwamba usiku ule utaratibu ndio uliokuwa umelala. Mama alikuja, akasimama mbele ya madaktari na wauguzi na kueleza kwa dakika zisizozidi kumi. Alipofika kwenye sindano ya zahanati, watu wawili nyuma waliinamisha vichwa. Bibi naye alikuja, akaketi karibu na mlango, akauliza swali pekee lililokosa jibu pale: kama diklofenaki haifai, kwa nini kijana wa zahanati hajaambiwa? Zahanati ziko chini ya halmashauri, hospitali ya mkoa iko chini ya wizara, na barua kati yao bado inazunguka. Kwa sasa kila mzazi wa kliniki amepewa nakala ya pili ya kadi aipeleke mwenyewe zahanati ya jirani.

Liko pia suala ambalo kikao hakikuwa na uwezo nalo. Hadi theluthi ya wenye hemofilia A kali hutengeneza vizuizi, yaani kingamwili zinazoila fakta wanayopewa, na hospitali ya mkoa haina kipimo chake. Dozi ya 1,250 ilifanya kazi kwa mtoto huyu. Siku isipofanya kazi, mtu wa zamu atajua kwa kuona tu kwamba maumivu hayapungui. Mstari huo umeongezwa kwenye jedwali: baada ya saa 12 bila nafuu, piga simu hospitali ya taifa.

Mtoto alipewa fakta kila baada ya saa 12 siku za mwanzo, kisha dozi zikapunguzwa kufuatana na akiba. Alilala chali wiki nzima, akaanza kusimama, akatembea kwa magongo. Mtaalamu wa fiziotherapia alikataa kumharakisha, na alikuwa sahihi, kwani psoas ikichokozwa mapema huvuja upya palepale. Ganzi ya paja ilichukua wiki nyingi kuondoka. Felo sasa anataka kumweka kwenye kinga ya dozi ndogo, uniti 250 hadi 500 mara mbili kwa wiki, nyumbani, mama akichoma mwenyewe. Mama ameshaanza kufanya mazoezi ya kutafuta mshipa kwenye mkono wa sista. Kinachosubiriwa ni shehena ijayo ya msaada, na friji ya jirani mwenye umeme.